Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa chuo kilichotufunza usaidizi wa kisheria

Kwa Mwenyekiti na Wanachama wa Bodi ya Wakurugenzi,
Kwa mkono wa Mkuu wa Chuo,
Nakuru.

KUH: DIPLOMA YA USAIDIZI WA KISHERIA NA ADA YA ITHIBATI TULIYOTOZWA

Bwana Mwenyekiti na Wakurugenzi,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mmoja wa wanafunzi 19 tuliomaliza diploma ya usaidizi wa kisheria katika chuo chenu. Sitalitaja jina la chuo humu kwa sababu wadogo zetu bado wako madarasani na matokeo yao yako mikononi mwenu. Ninyi mnajijua. Nakala yenye majina na saini zetu zote 19 imeshafika ofisini kwenu, kwa hiyo asije mtu akasema barua hii haina mwenyewe.

Sikuanzia hapa. Februari mwaka huu nilimwona mkuu wa idara, akaniambia nisubiri bodi ikutane. Machi tuliandika barua na karani wenu akaipiga muhuri wa kupokelewa. Aprili tulituma barua pepe mara mbili. Mei niliitwa, nikavaa vizuri nikijua naenda kujibiwa, kumbe naenda kuulizwa ni nani anayenituma. Wiki hiyo hiyo nikaondolewa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Leo ninaandika mahali ambapo kila mzazi wa Nakuru anaweza kusoma.

Kwanza niwaambie kwa nini nililipa. Mama yangu anauza viazi Molo. Baba alipofariki, ndugu yake alikwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi bila kumhusisha mama. Tangazo likatoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za kupinga zikapita, na mama hajawahi hata kulishika gazeti hilo. Aliposhtuka, alimwendea mtu mmoja mwenye meza na mashine ya kuchapa karibu na mahakama. Mtu huyo alimtoza shilingi 6,000, akamwambia muda umekwisha, aende akakae na wazee wa ukoo. Alikaa na wazee miaka 3, na shamba likazidi kukatwa vipande. Ilhali kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi kinaruhusu mahakama kufuta hati ya usimamizi wakati wowote, ikithibitika kwamba aliyeipata alificha jambo muhimu. Angekuwepo mtu mmoja wa kumwambia hivyo, bila kumdai gunia la viazi, mama angeenda mahakamani mwaka ule ule.

Nilitaka kuwa mtu huyo. Ndiyo sababu mama aliuza mavuno ya misimu miwili, nami nikaja kwenu. Kifungu hicho cha 76, hata hivyo, sikukijulia darasani kwenu. Nilikisoma mwenyewe usiku kwa simu. Sasa nitaeleza malalamiko yetu moja baada ya jingine.

1. Ithibati ambayo haikuwepo

Bango lenu la stendi ya matatu linaahidi diploma "iliyoidhinishwa" na kazi ya msaidizi wa kisheria "anayetambulika na serikali". Mimi niliyaamini maneno hayo mawili. Mama, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la 6, aliniuliza, "Mwanangu, serikali inakitambua kweli?" Nikamwonyesha picha ya bango.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, inasema wazi paralegali, yaani msaidizi wa kisheria, ni nani. Ni mtu aliyeajiriwa na Huduma hiyo, au na mtoaji wa msaada wa kisheria aliyeidhinishwa, na ambaye amemaliza mafunzo katika taasisi iliyokubaliwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Maneno hayo yamo katika kifungu cha 2, ukurasa wa mwanzo kabisa, pale ambapo sheria hufafanua istilahi zake. Yaani mtu hahitaji kuwa wakili kuyapata. Anahitaji kufungua kitabu tu.

Mimi nilifunguliwa kitabu hicho na mgeni. Nilikuwa nimeomba nafasi ya mafunzo ya kazini katika ofisi ya wakili mmoja mjini. Akanitazama kwa upole, akauliza, "Chuo chenu kimekubaliwa na Baraza?" Nikajibu ndiyo, kwa sauti ya mtu anayejua. Akauliza tena, "Umeiona barua yao?" Sikuwa nimeiona. Akafungua kifungu cha 2 kwenye kompyuta, akaigeuza skrini upande wangu, akanyamaza hadi nikamaliza kusoma. Nilitoka pale nikashuka ngazi hadi barabarani bila kukumbuka kuaga.

Tangu siku hiyo tumewaomba jambo moja: mtuonyeshe barua ya Baraza. Hamjatuonyesha. Mwezi Mei, ofisini kwenu, nilijibiwa kwamba maombi "yako njiani". Basi kwa mihula 4 mlikuwa mnauza kitu kilichokuwa njiani.

La kuumiza zaidi ni hili. Kila mmoja wetu alitozwa shilingi 6,500 ambazo risiti inaziita "ada ya ithibati". Kwa watu 19 hiyo ni shilingi 123,500. Ziliidhinisha nini? Hilo ni swali la hesabu, Bwana Mwenyekiti, nasi tunastahili jibu la hesabu.

2. Tulifundishwa sheria zilizokwisha kufutwa

Hili ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu madhara yake hayakuishia kwetu.

Notisi za masomo tulizosomewa darasani, tukaandika neno kwa neno, zilikuwa za zamani. Somo la ardhi lilifuata Sura ya 300, sheria iliyofutwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Somo la kazi lilifuata Sura ya 226, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Ajira ya 2007. Tuliandikishwa kwamba mshtakiwa wa mauaji hana dhamana kabisa, ilhali Katiba ya 2010, katika kifungu cha 49, inampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa masharti ya haki isipokuwa pawe na sababu nzito za kumnyima. Tulipouliza, mwalimu alisema tujibu mtihani kama notisi zinavyosema.

Nikaenda na notisi hizo kwa watu.

Kanisa letu lina meza ya ushauri kila Jumamosi, na nilikuwa nimejitolea hapo. Akaja nyanya mmoja kutoka Kaptembwa. Mjukuu wake wa miaka 10 alikuwa ameshikwa na polisi kwa madai ya kuiba simu dukani. Alikuwa anatetemeka. Nikafungua daftari langu, nikamwambia kwa uhakika wote kwamba mtoto akifika miaka 8 anaweza kushtakiwa, kwa hiyo ajiandae kwa mahakama na atafute pesa za dhamana. Alikwenda kwa chama chake akakopa shilingi 5,000.

Jumatatu yake afisa wa watoto alimweleza jambo lingine kabisa. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, imepandisha umri huo. Mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai. Shauri lake lilikuwa la ulinzi na malezi. Hapakuwa na dhamana ya kulipa. Nyanya yule alipita kanisani Jumamosi iliyofuata, akanieleza taratibu, bila kunikaripia, jinsi anavyolipa mkopo ule kwa riba. Nilimlipia sehemu ya deni, lakini usiku wa Jumapili alioupitisha akidhani mjukuu anakwenda jela siwezi kumrudishia.

Daftari lile nililiandika mwaka 2023 katika darasa lenu. Sheria mpya ilikuwa tayari inatumika, na imewekwa wazi kwenye tovuti ya Kenya Law, pamoja na zile nyingine zote nilizozitaja, bila malipo. Simu ya kawaida na bando la shilingi 20 vingetosha kusahihisha notisi zenu.

Kazi hii haina nafasi ya kubahatisha. Mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha aliyefutwa bila malipo yake ana miaka 3 tu ya kufungua dai chini ya Sheria ya Ajira. Akimpata msaidizi asiyejua hivyo, akaambiwa asubiri kampuni imwite, dai lake linakufa huku amekaa nyumbani akisubiri. Watu wanaokuja kwenye meza zetu hawana wakili wa pili wa kumuuliza. Sisi ndio wa kwanza na wa mwisho.

3. Tuliambiwa tufungue ofisi za kuandika hati

Muhula wa 4, katika somo la ujasiriamali, tulihimizwa tukodi vyumba karibu na mahakama, tuandike mikataba ya kuuziana mashamba na makaratasi ya mirathi, na tuwatoze wateja. Tukapewa hata mfano wa orodha ya bei.

Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, inamkataza mtu asiye wakili kuandaa hati za namna hiyo kwa malipo. Kifungu cha 34 kinazitaja: hati za kuhamisha mali, na pia maombi ya usimamizi wa mirathi. Ni kosa la jinai. Mwenzetu mmoja alikwisha kulipa kodi ya chumba ya miezi 2 kabla hatujalijua hili. Angekamatwa, mngesema hamumjui?

Mimi kila nikilifikiria somo lile namwona yule mtu wa meza aliyemtoza mama shilingi 6,000. Nilikuja kwenu ili watu kama mama wasimhitaji tena. Mkawa mnanifundisha kuwa yeye.

4. Mafunzo ya kazini

Tuliahidiwa miezi 3 katika ofisi za mawakili, masjala ya mahakama na mashirika ya haki. Kila mtu akapewa barua ya utambulisho akajitafutie. Wenzetu 11 hawakupata. Waliwekewa alama hivyo hivyo, na baadhi yao hawajawahi kuliona jalada halisi la kesi hata kwa nje.

5. Matokeo

Tangu tulipotia saini barua ya Machi, kila anayeomba nakala ya matokeo yake anaambiwa mfumo umeharibika. Sitaongeza neno hapo.

Najua baadhi ya majibu yenu, maana mengine nimeshayasikia.

Mtasema chuo kimesajiliwa. Ni kweli, nasi hatujawahi kukana. Lakini usajili wa kuendesha chuo na idhini ya kufundisha kozi ya sheria ni vitu viwili. Mtu mwenye leseni ya hoteli hauzi dawa za malaria jikoni kwa sababu leseni ipo ukutani.

Mtasema kuna wasaidizi wengi wa kisheria vijijini, kuanzia Kisumu hadi Busia, waliofunzwa wiki chache na mashirika na wanafanya kazi njema bila diploma. Nawaheshimu sana watu hao. Wengine wametatua migogoro ya mipaka na ya wajane ambayo mahakama ingeikalia miaka. Ila hakuna aliyewatoza wao shilingi 31,000 kwa muhula, mihula 4, kisha 6,500 juu yake. Hakuna aliyewawekea bango. Hoja yao haiwezi kuwa kinga yenu.

Mtasema tulitia saini fomu ya kujiunga na kwamba tungeuliza mapema. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na huduma anayoilipia, na kinawafunga watoa huduma binafsi sawa na wa umma. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inaiita kauli ya uongo au ya kupotosha kuwa mwenendo usio wa haki. Wajibu wa kusema kweli ulikuwa kwenu kabla haujawa kwetu kuuliza. Na hata hivyo, mama yangu aliuliza. Jibu lake lilikuwa bango.

Mtasema tunaua kozi ambayo vijana wa Bonde la Ufa wanaihitaji. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa tunakubaliana. Kozi inahitajika. Sheria ya 2012 ya Chuo cha Mafunzo ya Uanasheria cha Kenya (Kenya School of Law) inakipa chuo hicho jukumu la kufunza wasaidizi wa kisheria, lakini kiko Karen, Nairobi, na mtoto wa Molo au Kuresoi hawezi kulipa karo na kodi ya Nairobi kwa pamoja. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, lina mahakama na gereza, na mashauri ya ardhi hapa hayaishi. Ni aibu kijana wa hapa akose mahali pa kusomea kazi hii karibu na nyumbani. Tunataka mfundishe. Tunataka mfundishe kweli, kwa idhini, na kwa sheria iliyo hai.

Na mwenzangu mmoja alisema kwenye mkutano wetu, nami namnukuu kwa haki yenu, kwamba wapo miongoni mwetu wanaofanya kazi ya ukarani katika ofisi za mawakili na diploma yenu iliwasaidia kupata mlango. Ni kweli, ni 3. Wanafanya kazi halali na wanaifanya vizuri. Lakini hawakuambiwa kwamba wanasomea ukarani.

Tunachoomba ni hiki:

Kwanza, mtuandikie kwa saini ya Mwenyekiti kueleza hali ya kozi mbele ya Baraza la Elimu ya Sheria: iliombewa idhini lini, ikajibiwa nini. Kama haijaombewa, semeni haijaombewa.

Pili, mturudishie ada ya ithibati, shilingi 6,500 kwa kila mmoja, bila masharti. Hii haina mjadala, kwa kuwa kilicholipiwa hakikuwepo.

Tatu, kuhusu karo iliyobaki, mkae nasi mezani. Tuko tayari kusikia pendekezo la kurudishiwa sehemu, au la kutulipia masomo yaliyopungua katika taasisi iliyoidhinishwa. Mama yangu hadai utajiri. Anataka mavuno yake yawe yamenunua kitu.

Nne, mshushe bango, na mnaowasajili muhula ujao muwaambie ukweli kabla ya kupokea shilingi yao ya kwanza. Hata kama hamtatulipa sisi senti, hili lifanyeni.

Tano, notisi za ardhi, kazi, watoto na dhamana ziondolewe darasani wiki hii. Kuna watu wanaozitumia Jumamosi.

Sita, matokeo yetu yatolewe.

Tunawapa siku 21 tangu siku nakala ya barua hii ilipopigwa muhuri ofisini kwenu. Zikipita bila jibu la maandishi, tutapeleka malalamiko kwa Baraza la Elimu ya Sheria, na kila mmoja wetu atafungua dai lake katika Mahakama ya Madai Madogo. Karo na ada ya kila mmoja ni shilingi 130,500, na mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, ambayo sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Mtu anaweza kujisimamia mwenyewe humo bila wakili. Tumeshapanga risiti zetu za M-Pesa kwa tarehe, picha za bango, na madaftari 19 ya notisi.

Jibu lenu liletwe kwa mwakilishi aliyeandikwa juu ya nakala yenye saini. Simu yake mnayo; ndiye mliyemwondoa kwenye kundi.

Wenu kwa heshima,

Mwanafunzi wenu wa zamani,
kwa niaba ya wahitimu 19 wa usaidizi wa kisheria,
Nakuru.